Mita 1,700 za maji ya Tanga

Kati ya gati la bandari ya Tanga na mahali meli kubwa zilipokuwa zikitia nanga palikuwa na mita 1,700 za maji. Nchi kavu huo ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na ishirini zenyewe ni za mtu asiyesimamishwa njiani kuulizwa hali ya mama na watoto, jambo ambalo Tanga halipo. Majini ilikuwa habari nyingine. Kila robota la katani lililotoka mashambani, kila mfuko wa mbolea uliotoka ng'ambo, na baadaye kila kontena, lilivuka umbali ule juu ya tishari: chombo cha chuma, kipana, cha kitako bapa, kisicho na injini, kinachovutwa na tagi, boti ndogo yenye nguvu. Meli ilikaa kule, gati likakaa huku, na katikati wakafanya kazi watu.

Siku hizi meli inaingia moja kwa moja hadi ukutani. Lango la kuingilia meli limechimbwa, gati limeimarishwa, na sijasikia mtu anayelilia tishari. Mimi nalilia kidogo. Nitaeleza kwa nini, ingawa ukiniuliza kama uchimbaji ule ulistahili nitakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali.

Tuanze na umbo la mahali penyewe, maana mengine yote yametokana na hapo. Ghuba ya Tanga imekingwa upande wa mashariki na Ras Kazone, mdomoni kuna kisiwa cha Ulenge na mnara wake wa taa, na katikati kimekaa kisiwa cha Toten. Kusi livume, kaskazi livume, humo ndani maji yanatikisika tu kidogo. Nahodha aliyetoka kupigwa na bahari kuu akiingia hapo anashukuru Mungu. Lakini ghuba hiyohiyo inapokea mito miwili, Zigi na Mkulumuzi, na mito haiji mikono mitupu. Inashusha tope kutoka Usambara, tope linatandazwa kwenye mikoko na kingo zote, na kilichopatikana ni bandari tulivu kabisa katikati lakini isiyo na kina pembeni. Ukutani kina kilikuwa karibu mita 3. Jahazi linapita. Meli ya mizigo kutoka Ulaya isingethubutu.

Wajerumani waliutaka utulivu, tope wakawaachia makuli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, kampuni iliyokuwa ikiijenga ikakwama, serikali ya kikoloni ikaichukua 1899, ikasogea hadi Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911: kilomita 352 kwa miaka 18. Mwaka uleule wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alikuwa na miche 62 ya mkonge, ndiyo pekee iliyonusurika safari ya kutoka Florida, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoufunika mkoa huu. Mashamba yakatoa marobota, reli ikayashusha hadi ukingo wa bahari, na hapo reli ikaishia. Ukifikiri vizuri inachekesha. Kilomita 352 zilipata wahandisi, madaraja na vituo vyenye kengele. Kipande cha mwisho, ambacho bila hicho hizo kilomita zote zisingekuwa na faida, kilipata kamba na migongo ya watu.

Hata vita ilipita juu ya matishari. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India. Kwa kuhofia mabomu yaliyotegwa ndani ya ghuba hawakuingia bandarini; wakawateremshia askari wao Ras Kazone, juu ya matishari yaliyovutwa kuelekea ufukweni. Wajerumani nao wakaitumia reli kuleta askari kutoka Moshi. Kilichofuata kila mtoto wa Tanga anakijua, nyuki waliowavamia askari vitani na yote, na kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wamerudi melini wakiacha nyuma bunduki na risasi laki kadhaa. Nimesikia hadithi ya nyuki ikisimuliwa kwa watalii, kwa wanafunzi, na kwa mabwana harusi wanaosubiri msafara, wala sijasikia hata mmoja akitaja tishari. Jeshi zima lilisubiri zamu ya kuteremshwa kama mifuko ya mbolea, na habari hiyo imeachwa kwa sababu haina nyuki.

Baada ya vita gati likawa la Waingereza na katani ikaendelea kumiminika. Mwaka 1939, mwezi wa Agosti, makuli wa Tanga waligoma. Ulikuwa mwaka wa migomo ya bandari pwani nzima, Mombasa na Dar es Salaam vilevile, na kwa kawaida huelezwa kwa habari ya mishahara na ughali wa maisha, ambayo ni kweli. Mimi huongeza kitu kimoja. Meli iliyotia nanga, nusu ya mzigo wake ukiwa bado ndani na nusu ukielea kwenye matishari, haina pa kwenda. Haiwezi kuondoka na haiwezi kumaliza. Inasubiri binadamu. Mtu mwenye kazi ya namna hiyo akikunja mikono, kimya chake kinasikika hadi London.

Dar es Salaam nayo ilikuwa bandari ya matishari, ingawa watu wa Dar hawapendi kukumbushwa. Magati yao ya kwanza ya kina kirefu yalifunguliwa mwaka 1956, mgeni rasmi akiwa Princess Margaret. Mombasa ilikuwa imeshatangulia zamani kule Kilindini. Mtwara ilipata gati la kina miaka ya 1950 kwa sababu ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ukafa na gati likabaki. Tanga, yenye reli ya kwanza ya koloni na mashamba makubwa ya mkonge, ikabaki na tishari. Mwaka 1963 kikaunganishwa kipande cha reli kati ya Mnyusi na Ruvu, na kwa mara ya kwanza reli ya Tanga ikashikana na reli ya kati. Kwa nchi changa ulikuwa ushindi. Kwa maji yetu ulikuwa mlango wa nyuma: mzigo wa kaskazini sasa ungeweza kuteremka hadi Dar bila kugusa Tanga kabisa. Halafu zikaja nyuzi za plastiki, na katani, ambayo katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa imevuka tani 200,000 kwa mwaka nchi nzima, ikaanza kuporomoka. Hapo sitakaa sana. Habari ya mkonge kuanguka imeshaandikwa na kulaumiwa vya kutosha, na kila mtu ana mtu wake wa kumlaumu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliingia bandarini wakati katani imeshaanza kushuka lakini bado ina nguvu. Alianza kibarua wa zamu, akaishia serahangi, msimamizi wa genge. Sasa ni mzee, magoti yamechoka, anakaa kibarazani Ngamiani na kahawa yake, na ukimwuliza habari za matishari haanzi na hadithi. Anaanza na mkono.

Anauweka mkono kwenye goti. "Hapa," anasema. "Mzigo ukifika hapa ndipo unagusa."

Maana yake ni hii. Robota la katani lina uzito wa kilo 250 hivi. Melini linapanda kwa winchi, mashine ya kunyanyulia mizigo, mengi kwa pamoja, yamefungwa kwa kamba. Kutoka bandarini lilikuwa likienda juu, kutoka ng'ambo mzigo ulikuwa ukija chini, na kushusha ndiko kulikoua watu. Fungu la mizigo linaning'inia kati ya ubavu wa meli na tishari. Mwendesha winchi yuko juu, hamwoni aliye chini, anamtazama mtu mmoja tu anayesimama ukingoni na kumpa ishara kwa kiganja. Chini tishari linacheza. Hata katika ghuba tulivu linacheza, kwa sababu tagi limepita, au kwa sababu upande mmoja umeshapakiwa na mwingine bado. Ukilishika fungu likiwa kifuani linakuchukua wewe, linakubana na ukuta wa chuma. Ukingoja hadi lifike mguuni limeshakaa pasipotakiwa, na kulisogeza ni kazi ya watu sita. Kwenye goti bado linaelea, uzito wote uko kwa winchi, na mtu mmoja anaweza kuligeuza kwa viganja viwili vilivyofunguka. Ni muda wa kupumua mara moja. Mjomba alikuwa akifundisha vijana kitu hicho kimoja, na asiyekishika kwa zamu kadhaa alimrudisha gatini akasukume mkokoteni.

"Hukumwonea huruma?" niliwahi kumwuliza.

"Ndiyo huruma yenyewe hiyo, mwanangu."

Halafu kuna maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ukutani pale kina chote kilikuwa kama hicho. Tishari tupu halina shida, linaelea popote. Lililojaa linazama hadi karibu na ukingo, na likifika gatini wakati maji yanakimbia linakalia tope, ndipo genge zima linakaa nalo. Kwa hiyo ratiba ya kazi haikuwa ya saa ya ukutani. Ilikuwa ya mwezi. Mke wa mjomba, ambaye hajapanda tishari hata siku moja, alikuwa akijua usiku gani asimtengee mumewe chakula kwa kuhesabu tu mwezi mwandamo umefika siku ya ngapi. Mwezi mpevu na mwezi mchanga, bamvua, mume anaweza asirudi hadi alfajiri. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, anarudi mapema na hasira, kwa sababu kazi ilikwenda bila kusimama.

Mvua ilikuwa adui wa pili. Katani ikilowa inapoteza rangi na bei. Mbolea ikilowa inaganda. Matishari hayakuwa na paa, kwa hiyo wingu likitokea upande wa Ulenge genge liliacha kila kitu na kukimbilia maturubai. Mjomba ana kovu la kamba ya turubai kwenye kiganja cha kushoto. Analionea fahari kuliko cheti chake cha kustaafu, ambacho sijui kama anajua kiko wapi.

Na kusubiri. Hili ndilo watu husahau wanapoizungumzia kazi ya sulubu: sehemu kubwa yake ni kukaa. Kusubiri tagi, kusubiri maji, kusubiri winchi iliyokwama, kusubiri karani wa mizigo na wa melini wakubaliane idadi. Katika kusubiri huko palitokea chai, palitokea bao, palitokea ndoa. Namjua mtu aliyepata mke kwa sababu alisubiri tagi pamoja na baba mkwe wake mtarajiwa.

Tanga ina msemo wake unaojulikana nchi nzima: waja leo, waondoka leo. Meli za mizigo hazikuwahi kuusikia. Zilikuja leo zikaondoka mzigo ulipokwisha, na mzigo ulikwisha pale tagi, maji, mvua na karani walipokubaliana. Kila siku ambayo meli inakaa ina gharama, na kila mzigo ulioshikwa mara mbili unalipiwa mara mbili: mara ya kwanza kutoka melini kuingia kwenye tishari, mara ya pili kutoka kwenye tishari kupanda gatini. Anayelipa mwishoni ni mkulima aliyenunua ile mbolea. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Arusha au Moshi, ambaye reli ya kwanza kabisa ilijengwa ili imfikishe Tanga, alipeleka mzigo wake Mombasa au Dar. Siwezi kumlaumu. Ningefanya hivyohivyo, kisha ningekuja Tanga Jumapili kula samaki.

Kwa hiyo ilipofika 2019 na uchimbaji ukaanza, mji ulifurahi, nami nikafurahi nao. Kazi ilifanyika kwa awamu mbili, jumla Sh bilioni 429.1, mkandarasi akiwa China Harbour Engineering Company. Awamu ya kwanza, ya Sh bilioni 172.3, ilikuwa kuongeza kina cha lango na eneo la kugeuzia meli hadi mita 13, pamoja na kununua mitambo. Ya pili, ya Sh bilioni 256.8, ilikuwa kuimarisha magati mawili yenye urefu wa mita 450. Wako walioshangaa kwamba ukuta uligharimu kuliko kuchimba bahari. Mimi sikushangaa. Ukuta uliojengwa kusimama kwenye mita 3 za maji, ukiuchimbia miguuni hadi 13, hautasimama. Huwezi kuongeza kina mbele ya gati la zamani bila kulipa miguu mipya. Kazi ilipokamilika meli kubwa zikaanza kufunga kamba moja kwa moja gatini. Zikaja hata meli za magari, na vijana wakaenda kupiga picha.

Mita 1,700 zikaacha kuwa kazi, zikawa njia tu.

Niliwaza sana ni kitu gani hasa kilichonisumbua, maana kwa hesabu yoyote ile mji umefaidika: malori yamejaa barabarani, na treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi, iliyokuwa imelala miaka mingi, ilikuwa imeamshwa tena mwaka huohuo wa 2019. Jibu nililipata mahali pasipo na bahari kabisa. Binamu yangu anaishi Birmingham, Uingereza, na hunitumia video akitembea kando ya mifereji. Nikaanza kusoma kuhusu mifereji ile, kwanza kwa ajili ya kumjibu tu, baadaye kwa uraibu.

Birmingham haina bahari wala mto wa maana, kwa hiyo walijichimbia maji. Bunge lao liliruhusu mfereji wa kwanza mwaka 1768, mhandisi akawa James Brindley, na kufikia 1772 ulikuwa umefika upande wa Wolverhampton na kuungana na mfereji mwingine. Brindley hakupenda kupasua vilima. Maji yanataka usawa, basi naye akaufuata usawa: kilima kikitokeza anakizunguka, bonde likiingia anaingia nalo. Mfereji ukawa umejikunja kila mahali. Ulikuwa rahisi kuchimba, na kwa kujikunja huko ulipita karibu na watu wengi zaidi. Viwanda na bohari vikajengwa ukingoni, milango ikafunguliwa kuelekea majini, makaa ya mawe yakateremshwa hapohapo mlangoni.

Miaka hamsini baadaye msongamano wa mashua ulikuwa haukaliki. Mwaka 1824 akaletwa Thomas Telford, mhandisi mwenye jina kubwa kuliko wote wa wakati wake. Akautazama mfereji wa Brindley na kusema waziwazi kwamba ni afadhali kidogo tu kuliko mtaro uliopinda. Yeye akachora mstari ulionyooka. Pale Smethwick akapasua kilima, mkato wenye kina cha zaidi ya mita 20, na mwaka 1829 juu yake likakamilika daraja la chuma la Galton, ambalo bado lipo. Kazi yote ilipokwisha mwaka 1838, safari kati ya Birmingham na Wolverhampton iliyokuwa maili 22 ikabaki maili 15. Kilomita 11 hivi zilifutwa.

Hazikufutwa, kwa kweli, na hapa ndipo niliposimama. Mstari wa Telford ulizikata kona za Brindley zikabaki pembeni, nusu duara za maji zilizoanzia kwenye mfereji mpya na kurudi kwenye mfereji uleule. Kona hizo zina majina: Oozells Street, Icknield Port, Soho. Ungetegemea zifukiwe siku iliyofuata, maana mashua ya mbali haikuwa tena na haja nazo. Lakini viwanda vilikuwa bado vimekaa kwenye kingo zake na milango imeelekea majini. Mashua inayokwenda mbali ilinyoosha. Mashua yenye makaa ya kiwanda fulani ilikata kona, ikaingia njia ya zamani, ikashusha, ikatoka. Kona ziliendelea kuishi hivyo kwa miaka mingi. Leo viwanda vyenyewe vimekufa, na Oozells Street watu wamefunga mashua wanazoishi ndani yake. Icknield Port panajengwa nyumba mpya zinazouzwa kwa sifa ya kuwa kando ya maji. Kipande kilichopitwa na maboresho kimekuwa mtaa.

Sasa rudi Tanga. Njia ya tishari haikuwa na mlango wa mtu. Hakuna kiwanda kilichokaa juu ya zile mita 1,700, hakuna bohari, hakuna kibanda cha mama lishe. Kulikuwa na watu tu, na watu wanarudi nyumbani. Tena Telford alipita kando ya njia ya zamani, wakati njia yetu mpya imepita chini ya ile ya zamani. Imechimbwa palepale. Huwezi kusema twende tukaione ile ya awali, maana ya awali ni mita 3 za juu za ile ya sasa. Kitu pekee kilichobaki ni kile kilichokuwa mikononi mwa watu, na chenyewe kinakaa vibarazani kikinywa kahawa.

Nadhani ndiyo sababu sisi tunasahau upesi kuliko wale. Si kwamba Waingereza wanapenda historia kutuzidi. Waliachiwa shimo lenye maji katikati ya mji, kulifukia ni gharama, wakalipa jina wakalipaka rangi. Sisi hatukuachiwa kitu cha kupaka rangi.

Ningependa tupate kimoja. Boma la zamani la Wajerumani lina makumbusho, Urithi Tanga, na ndani yake kuna picha za mji za enzi zile. Uwanjani pangewekwa tishari moja, chombo kizima, pamoja na kamba, turubai na ngazi, mtoto apande ashuke aone ukuta wake unavyokuja juu ya kichwa. Najua tishari ni tani nyingi za chuma na chuma chakavu kina bei, kwa hiyo siongei juu ya kitu ambacho kitatusubiri. Na pembeni yake ningeweka winchi ya mkono na robota moja la katani la kilo 250, watu wajaribu kuligeuza kwa viganja likiwa kwenye goti. Watu wa usalama watakataa, na nitawaelewa.

Kwa upande mwingine wa ghuba, kule Chongoleani, linakuja jambo ambalo hata tishari halikuliota. Bomba la mafuta ghafi litatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, jiwe la msingi liliwekwa hapo Agosti 2017. Mafuta hayo yataingia melini bila kuguswa na kiganja cha mtu hata mmoja kutoka yanakotoka hadi yanakokwenda. Wajukuu wa makuli watapata kazi huko, wengine tayari wamezipata, za ulinzi, za udereva, za uhandisi. Ni kazi nzuri kuliko ya babu zao. Sijui watasimuliana nini wakizeeka, lakini hilo ni lao.

Nilimwonyesha mjomba video za binamu, zile mashua nyembamba zilizofungwa Oozells Street, zenye maua juu ya paa na bomba la moshi. Alizitazama muda mrefu, simu ameishika mbali na macho kama wanavyofanya wazee. Akauliza upana. Nikamwambia kama mita 2. Akauliza zinabeba nini. Nikamwambia sasa hazibebi kitu, watu wanaishi humo mwaka mzima, wana kitanda na jiko. Akauliza mawimbi. Hakuna mawimbi. Akauliza maji kujaa na kupwa. Hakuna.

"Na choo?"

Nikamweleza kwamba wana tangi, likijaa wanakwenda kulimwaga kwenye kituo maalumu.

Akanirudishia simu. "Basi hao si mabaharia," akasema. "Ni wapangaji." Akaniagiza nimmiminie kahawa nyingine, kisha akataka kujua kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi.